Ubao Uliolia Mlangoni

Mzee Oddmund alitaka sakafu kabla ya Krismasi.
Nikamwambia: mti hausomi kalenda.

Mwaloni wake umefika Røros jana,
umelala ndani ya lori usiku kucha
kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Sasa uko sebuleni, nimeutenganisha kwa vijiti
upumue hewa ya nyumba, uzoee
harufu ya kahawa na soksi zinazokauka.
Wiki mbili, nikasema.
Akahesabu kwa vidole, akavirudisha mfukoni.

Kwanza tuelewane na kilicho chini.
Zulia limeondoka, ubao wa chenga uko uchi,
rangi ya pumba,
maelfu ya vijipande ambavyo hakuna aliyevitaka
vikamwagiwa gundi, vikabanwa, vikaambiwa: shikamaneni.
Adui yake ni mmoja tu, maji.
Pale mashine ya kufulia ilipovuja
ukingo umevimba kama ufizi wenye jino bovu.
Huo hauponi. Msasa haurudishi ujana.
Nikaukata. Jostein akabeba kipande
kikamegeka mikononi mwake kama mkate wa juzi.

Kwenye tundu lile nikayaona mabomba
yamelala katika vitanda vya bati kati ya boriti,
yanakwenda na kurudi, yanakwenda na kurudi,
kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni.
Nikayachora yote kwa chaki juu ya ubao
kabla sijagusa drili,
maana skrubu moja iliyozidi urefu
ni chemchemi ndani ya nyumba.

Kisha magoti. Kazi hii ni ya magoti,
mikono inasaidia tu.
Skrubu kila shibiri, kwenye kila boriti, vichwa vizame.
Pimamaji la mita mbili linasema: hapa bonde,
unene wa sarafu. Hapa kilima.
Kilima tukakisugua mpaka vumbi likaingia kwenye kope,
bonde tukalijaza, tukafyonza vumbi, tukapima tena.
Joto tukalipandisha nyuzi mbilimbili kwa siku,
kama unavyomzoesha mtoto maji ya kuoga,
tukalishusha vilevile.
Kila asubuhi nikachomeka kipimo cha unyevu, meno yake mawili:
kumi na moja. Kumi. Tisa na nusu.
Mzee akinitazama
kama ninayempima yeye presha.

Ulibaki ubao mmoja, wa mlangoni.
Ukiukanyaga, unalia.
Nikashusha drili. Akasema: Huo uache.

Torjus, mwanawe, enzi za ujana wake
alirudi saa tisa za usiku, viatu mkononi,
akaruka mbao zote isipokuwa huo.
Mama yake hakufumba macho mpaka ulie.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, Torjus yuko wapi sasa.
Bergen, akasema. Ana zulia.

Nikamweleza. Ubao ukicheza chini, gundi ya juu itapasuka,
mwaloni utaachana, joto litapotea njiani.
Sakafu haina kumbukumbu, ina vipimo.
(Niliyasema haya. Siku hizi ningeyasema kwa upole zaidi.)
Akanyamaza, akatazama dirishani, theluji.
Basi nipe mimi.
Akapiga magoti, yakalia kuliko ubao wenyewe,
akafunga skrubu tatu, ya nne ikaenda kombo,
akaitoa, akaianza upya.
Akapita juu yake. Kimya.
Akapita tena.
Kama nyumba ya jirani, akasema.

Krismasi ikapita. Tulilaza mwaloni Januari,
tukaacha mwanya wa kidole ukutani kote.

Februari simu ikaita nikiwa barabarani, karibu na Tynset.
Alfajiri, akasema, joto linapoanza kupanda,
kuna kitu kinagonga karibu na dirisha. Tak.
Nikaanza: mti unajinyoosha, ndiyo maana ule mwanya,
ndiyo maana nilikwambia usizidishe nyuzi ishirini na saba…

Sikupigi kulalamika, akasema.
Ngoja. Naiweka simu chini.

Nikaegesha gari. Nikazima injini.