Usilitoboe

Nimelileta jiwe ndani ya kikopo cha rangi ya viatu
kilichokwisha rangi, harufu bado imo,
hadi Kariokor, upande wa watunga shanga,
ukishawapita wauza ngozi na ndala za matairi,
kwa Sintamei.

Ananiuliza mkufu ni wa nani.
Wa mama. Na shingo yake?
Sina kipimo, nasema, ila watu husema
nimemwiba mwili mzima nikamwachia sauti.
Basi anazungusha uzi shingoni mwangu mimi,
anaukata kwa meno,
anaongeza vidole viwili, "vya uzee,"
na kwenye daftari la miraba anaandika:
Wakesho. Mkufu. Jiwe la mteja.

Rangi?
Nilikuwa nimejipanga. Nilikuja na picha kwenye simu,
nyekundu na buluu, zile za maduka ya watalii.
Hataki hata kuitazama.
Anamwaga shanga juu ya kitambaa, sahani baada ya sahani:
nyeupe ya maziwa, siyo nyeupe ya karatasi,
hudhurungi ya chai iliyochemshwa mara mbili,
na kijani kimoja kikavu, kama jani la mkonge.
"Jiwe halipendi kushindana," anasema.
"Litafutie majirani wapole."

Kisha anafungua kikopo.

Baba alilichimba kule Kasigau.
Miaka saba chini ya ardhi kwa sururu ya mtu mwingine,
na jiwe moja tu, lililotoka shimoni ndani ya soksi.
Hakuliuza.
Karo ikikosekana, alilitazama.
Paa likivuja, alilitazama,
akalirudisha kikoponi akasema: tunalo.
Tulikua na neno hilo
kama wengine walivyokua na ng'ombe.

Sintamei analiinua penye mwanga wa bati la plastiki,
anafumba jicho moja. Ananyamaza kama daktari.
"Lina ufa. Nikilitoboa,
utarudi nyumbani na vumbi."

Wahenga walituambia tuzibe ufa,
wakatutisha na kazi ya kujenga ukuta.
Yeye anavuta waya wa fedha, mwembamba kama mvi.
"Huu haujazibika tangu uumbwe," anasema.
"Tutauzunguka."
Elfu nne na mia tano. Nusu sasa. Njoo Ijumaa.

Ijumaa alikuwa na msiba Kajiado.
Ijumaa ya pili uzi ulikatika, shanga mia mbili
zikatambaa chini ya meza za watu.
Ijumaa ya tatu nikaukuta umefungwa kwa gazeti,
ukurasa wa matangazo ya vifo,
na wala sikuona ubaya.

Mama aliuvaa jikoni kwangu, Buruburu,
juu ya gauni la kulalia,
vidole bado vina maganda ya njegere.
Hakuuliza bei.
Ukucha wa kidole gumba ulipanda
moja kwa moja hadi kwenye ufa,
bila kioo, bila kupapasa,
kama mtu anavyoijua swichi ya nyumba yake gizani.

"Mwaka ule uliporudishwa kutoka shule," akasema,
"nililipeleka Voi kwa mnunuzi. Mara mbili.
Akaniambia bei yake haifiki
nauli yangu ya kurudi."

Na baba?

"Baba yako alikuwa tajiri," akasema.
"Ningeanzia wapi kumfilisi?"

Akazirudia njegere zake.
Mbili zilimponyoka zikabingirika hadi chini ya jiko,
kijani, nzima,
akaniambia niokote.