Pumzi ya Fowili

Panya wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
katafuna mipira yote miwili ya fowili.
Pikapu ya Shekiondo hoi, boneti wazi,
hiliki yake iko Amani, matope magotini.

Fundi Semkiwa ana pumu,
kwa hiyo mdomo ni wangu.
"Vuta."
Navuta: vumbi, dizeli, chumvi ya jana.
Naziba kwa ulimi, nahesabu hadi ishirini.
Ulimi umenaswa. Hapavuji.

Navisha mipira mipya, huu huku, ule kule—
"Siyo huo, we! Huo wa kuachia!"
Nabadili.

"Humu hakuna kinachosukuma," anasema,
"utupu ndio unaovuta gia."

Washa. Subiri.
Chini, kwenye difu ya mbele: ko!
kama komeo la kabati la mama.

Fundi anacheka mpaka anakohoa,
anaitafuta pumzi yake mfukoni.