Tezi ya Panya wa Kumi na Saba

Kuopio, Januari. Saa tatu asubuhi bado giza
limeegemea dirisha la maabara.
Aune Rautiainen anavaa glavu, anakoroga:
unga uleule, vitamini zilezile, chumvi ileile,
ila kundi hili linakunywa
na lile la ukutani linaguguna.
Tofauti ni hiyo tu. Kuguguna.

Wiki ya pili wanywaji wamenawiri,
manyoya yanang'aa;
ungewaona ungesema hawa ndio walioneemeka.
Mizani ndogo, ile inayoshtuka hata ukiipumulia,
ikasema lingine.
Tezi ya mate, pale chini ya sikio,
ya mla vidonge vikavu imejaa kama harage lililolowekwa.
Ya mnywaji imesinyaa,
rangi yake karatasi iliyosahaulika mfukoni.
Hakuna ugonjwa. Hakuna sumu.
"Haikuitwa kazini," akaandika kwa penseli,
kisha akafuta, maana hiyo si lugha ya daftari,
akaandika: uzito umepungua.

Jioni alikwenda kwa baba yake, Oiva,
mkata magogo wa zamani, sasa mzee wa chumba namba sita,
anayelishwa supu iliyosagwa, kijiko kwa kijiko.
Ulimi unamkwama kama droo ya kabati bovu.
"Maji," husema, kila baada ya maneno matatu.
Wauguzi ni wema. Wanahofia asipaliwe.

Aune anajua: panya si baba.
Amelisema hilo mikutanoni, bila kutetereka.
Na bado mkobani mna mkate mweusi, mkavu,
ule wa kuvunjika kwa kishindo.

Akamega kipande kadiri ya ukucha.
Oiva akakipeleka upande wenye magego mawili yaliyosalia.
Taya likasita.
Kra.
Likasita tena. Kra, kra.
Mkono wa Aune mgongoni mwake, tayari.
Mzee akapangusa pembe ya mdomo kwa kiganja;
palikuwa pamelowa.
"Mkate huu umezidi chumvi. Mama'ko asingekubali."
Maneno sita. Aune aliyahesabu, mazoea ya kazi.

Kituoni, theluji ikimjaa kopeni,
akamkumbuka mnywaji wa kumi na saba:
kesho anarudishiwa vidonge vikavu,
siku saba za kuguguna, kisha mizani.
Ili tujue kama tezi imeamka,
yeye hataamka.

Basi likachelewa.
Aune akameza mate.
Yalikuwepo.