Nakala Mbili

Manus alinipigia simu saa sita usiku.
Hakunisalimu. Aliitoa simu nje ya dirisha
akaishikilia gizani, juu ya majani,
nami kitandani nikasikia: kreksi, kreksi,
ukucha ukipita juu ya meno ya chanuo.
"Amerudi," akasema. Akakata.

Ewe kiluwiri wa mashamba ya nyasi,
bibi yangu alikuwa akifunga madirisha kwa kishindo
akikulaani wewe na ukoo wako:
"Hawa hawatulazi!"
Hapakuwa na aliyewahesabu siku hizo.
Nani huhesabu kero?
Mwaka juzi, kisiwa kizima, sauti saba.
Mwaka jana tatu.
Wasemao kimya kina mshindo
hawajalala Donegal mwezi wa sita,
dirisha wazi, wakingoja kuudhiwa.

Asubuhi nikaweka mezani kipande cha linoleamu,
ile ile ya kutandika sakafuni,
nikanoa patasi, nikakuchora kwa penseli.
Shingo ya kijivu. Bawa la rangi ya kutu.
Ukanitokea kuku.
Nikafuta, nikachora. Kuku tena, huyu mwembamba.
Mara kumi na nne nilikuchora,
hata binti yangu Étaín akaegemea mlango, akauliza
kama tumeanza kufuga.

Basi nikaenda kwa Manus, nikakaa kando ya upupu
tangu jua linazama, na huku kaskazini
jua huzama kwa uvivu, kama mgeni anayeaga mlangoni.
Ulikuwa kushoto. Nikageuka, ukawa kulia.
Kisha majani yakatikisika pasipo na upepo,
yakafunguka, yakafumba.
Hayo tu. Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi.

Manus alileta chai, akakaa juu ya ndoo.
"Zamani tulianza kukata pembeni," akasema,
akiviangalia viatu vyake,
"tukizunguka, tukiingia ndani.
Ukanda wa mwisho, pale katikati,
ulikuwa ukitikisika wote.
Tulijua kwa nini.
Baba hakusimamisha trekta. Nami sikusimamisha."
Akamwaga chai iliyobaki.
Siku hizi anaanza katikati, akitoka nje taratibu,
mwezi wa nane ukielekea kwisha,
nyasi zimeshakomaa na utamu umezitoka,
na ng'ombe wake wanazila wakimtazama.

Nilirudi nikaanza katikati.
Patasi ikatoka nje taratibu, kama trekta lake.
Kila ujani niliuacha usimame upokee wino,
na pale ulipopita, nikapachimba.
Sikuchonga jicho wala mdomo.
Nikapaka wino wa kijani uliokolea hadi weusi,
nikalaza karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko cha supu
mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge.

Katika ukumbi wa kanisa, karibu na gati ya kivuko,
mama mmoja aliyevaa miwani shingoni
aliisogelea picha, akaondoka, akarudi.
"Samahani, ndege yuko wapi?"
Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nimeyaandika kabisa.
Manus, ndani ya koti lake moja la mazishi na harusi,
akanyoosha kidole kilichopinda
juu ya ule upenyo mweupe, bila kuugusa.
"Hapa," akasema, "palitikisika."
Akaenda kutafuta biskuti.

Nimechapa nakala mbili tu.
Mwaka huu sauti ni mbili.
Mchuuzi wa mjini anataka hamsini, anasema nitajenga jina.
Nimemwambia anipigie mwakani,
baada ya Manus kunipigia.

Kibao kiko chini ya kitanda, uso chini, hakijaoshwa vizuri.
Dirisha nimeliacha wazi, na baridi inaingia hadi mifupani.
Haya, anza.
Ninyime usingizi.