Mkalimani wa Mgongo

Jumanne saa nne asubuhi, Davenport, Iowa.
Theluji ya jana imekuwa tope la chumvi mlangoni.
Mimi hulipwa kwa saa: kazi yangu ni kuwa koo
la watu wawili wasiosikilizana.

Bi Nabintu amekaa ukingoni mwa kitanda chenye tundu la uso,
buti za kiwandani miguuni. Hajalala.
"Mugongo inaniuma," anasema, kwa Kiswahili cha Bukavu,
"inashuka mupaka huku,"
na kiganja chake kinafuata paja
kama mtu anayeonyesha maji yalikopita.
Mimi wa Tanga nayapokea maneno yake,
nayavusha mto, nayatua ng'ambo yakiwa yamelowa.

Daktari mwanafunzi, Tobias Haverkamp,
ana mikono mikubwa ya wakulima wa mahindi;
huisugua ipate joto kabla hajamgusa mtu.
Anauliza kwanza. Anauliza sana.
Miguu inakufa ganzi? Umewahi kuanguka?
Maumivu yanakuamsha usiku? Mkojo unakutoroka?
Hilo la mwisho nalivika nguo kabla ya kulitoa nje.

Anasema: nikisukuma hapa, utasikia mlio.
Mlio gani? Anafanya kwa midomo sauti ya kizibo.
Natafuta neno. Kuvunjika, hapana.
Kupasuka, Mungu apishe mbali.
Ndipo linakuja, la utotoni, la barazani: kualika.
"Kama unavyoalisha vidole," namwambia.
"Si mfupa. Ni kipovu katika ute wa kiungo."
Anavitazama vidole vyake.
Siku hizi havinyooki. Mpini wa kisu umevikunja.

Tobias anashusha rafuni uti wa mgongo wa plastiki,
pingili nyeupe, diski nyekundu za mpira,
aanze somo. Hafiki mbali.
Bi Nabintu anaupokea kwa mikono miwili,
anaugeuza, anaupima uzito,
na kidole gumba kinatua, bila kupapasa,
kati ya pingili ya nne na ya tano.

"Ni hapa kisu inapitaka.
Ukikosa hapa unagonga mufupa, na bosi anapiga kelele.
Ngombe mia tatu kwa saa. Miaka sita.
Umwambie huyu mutoto, migongo naijua.
Yangu tu ndio sijaiona."

Nikafasiri.
Kijana akanyamaza kwa pumzi tatu hivi,
halafu akavuta kiti, akakaa chini yake,
akamwomba aonyeshe tena, polepole.

Baadaye akamlaza ubavu, goti moja limekunjwa,
akamwegemea kwa uzito wote wa kifua.
*Ko.* Kisha *ko-ko*, dogo, kama mlango wa kabati.
"Yesu," alisema Bi Nabintu. Sikuona haja ya kufasiri.

"Na shingo?" akauliza Tobias.
"Hapana. Shingo nimeona namna inakatikaka."
Akainua mikono juu, akaandika: amekataa. Basi.
Akasema pia, macho yakiwa kwenye karatasi,
kwamba hii si dawa ya kila kitu,
haigusi presha wala sukari;
mgongo wa chini, wengine hupata nafuu, wengine hawapati;
afanye mazoezi haya mawili sakafuni, asubuhi na jioni,
ganzi ikizidi aende hospitali siku hiyohiyo,
na kazini... akasita... kazini apunguze kuinama.

Hilo nililifasiri kwa sauti ndogo.
Bi Nabintu akacheka mpaka akajishika kiuno.
"Umwambie apunguze ngombe."

Nikamsindikiza hadi kituo cha basi la kurudi Moline.
Alitembea akijisikiliza,
kama mtu aliyevaa koti la kuazima.
"Na wewe," akaniambia, mguu mmoja ukiwa ngazini,
"unakaaka umepinda."

Usiku, mbele ya sinki la vyombo,
niliukuta mkono wangu nyuma yangu,
vidole vikihesabu kutoka chini:
moja, mbili,
ya tatu ikanipotea.