Waya wa Ethi

Mita arobaini za waya, toka paani
hadi mgrevilia wa mpakani,
na bado, saa nane usiku, redio ilikaanga kitunguu:
chaja ya jirani, taa za Kiboriloni,
inveta ya kinyozi.

"Mawimbi marefu yanataka udongo," nilimwambia Ndeshikurwa.
"Udongo gani? Hapa mlangoni ni mawe matupu."
Akachukua nyundo, akashuka migombani,
akaipigilia fimbo ya shaba kando ya mfongo,
hatua tatu toka kaburi la baba.

Baba hakupenda kelele.
Chai ikikorogwa kwa nguvu, alihama kiti.

Leo jirani bado anachaji.
Lakini chini ya mvumo, mbali,
nukta, kistari, nukta:
mtu ananiita, taratibu,
kama anayeogopa kumwamsha mzee.