Nilinusa Mashati

Gwakisa, niwie radhi kwa yale mashati.
Miezi saba niliyageuza kola, niliyanusa kwapani,
nikitafuta marashi ya mtu wa Kyela, au wa hapo Ushirika,
nikakuta kutu tu, na gundi ya mabomba,
na jasho lako lilelile la kupanda Makandana
na mfuko wa spana begani.

Ulikuwa unageukia ukutani.
Mvua ya Tukuyu inapiga bati usiku kucha, haina aibu,
nasi chini yake kimya, kama wapangaji wawili
wanaodaiana kodi.
Nikasema moyoni: huyu kuna mahali anakolishwa.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nasifiwa.
Sokoni walinipisha njia: "Mama Lugano, umenawiri!
Mume anajua kutunza."
Sinia la wali, ndizi za nyama, parachichi,
chai ya maziwa vijiko vinne,
cha tano cha mgeni, hata mgeni asipokuja.
Gauni la harusi ya Atupakisye liliongezwa kitambaa
ubavuni mara mbili, na fundi nikamlipa huku natabasamu.
Kilima cha kanisani tu ndicho hakikunisifu.
Nilisimama katikati yake, mkono kifuani,
nikijifanya natazama mashamba ya chai.

Kisha kile kidonda cha kidole chako cha mguu,
cha spana iliyokuangukia mwezi wa tatu.
Mwezi wa sita bado kibichi,
na wewe unasema hakiumi,
unasema kana kwamba ni habari njema.

Muuguzi Anyosisye alitutoboa sote wawili.
Nikamwambia, mimi nimemsindikiza tu.
"Msindikizaji naye ana kidole," akasema.
Yako kumi na nne. Yangu kumi na sita.
Tukatazamana kama watoto
waliofumaniwa na sukari guru mdomoni.

Alisema mshipa wa damu una ngozi yake ya ndani,
laini kama utando juu ya maziwa,
ndiyo inayouambia tanuka, damu inapita.
Sukari ikizidi huiparuza,
mafuta ya tumboni huiwashia moto wa chini kwa chini,
hata mshipa usahau kutanuka.
Alisema kwa wanaume mishipa midogo mara nyingi hutangulia kusema,
na ikishasema, mwanamume hunyamaza.
(Hapo ukatazama viatu vyako.)
Alisema mwanamke huwekewa akiba,
moyo wake huchelewa kuchakaa hadi hedhi ikome,
ila sukari haiheshimu akiba ya mtu.
"Na wewe mama, yako umeshaanza kuila."

Njia nzima hukusema neno.
Nyumbani ukaingia stoo, ukatoka na kipande cha bomba la chuma,
ulilolikata Masoko, miaka thelathini ardhini.
Kwa nje zima kabisa.
Ukaniwekea jichoni kama darubini:
ndani kutu juu ya kutu,
tundu limebaki la kupitisha kalamu.
"Ni hii, Subilaga," ukasema. "Si mwanamke."

Kumbe ulikuwa unaniona nikinusa.

Nikacheka, nikalia. Sijui mtu anaitwaje
anayeshukuru kwamba mumewe anaumwa tu.

Siku hizi alfajiri tunapanda kile kilima,
wewe na fimbo, mimi na pumzi zangu.
Tunasimama mara tatu, wala sisingizii chai.
Kopo la sukari umelijaza nati na mipira ya koki;
wageni wakiomba kijiko unalitikisa, linalia,
wanacheka kwa adabu.
Fungu langu la ndizi ni mbili. Nazila polepole,
na siku nyingine naiba ya tatu.

Bomba halirudi kuwa jipya, fundi ni wewe, unajua.
Bado kuna usiku unageukia ukutani.
Lakini mkono wako unaubakiza huku nyuma,
kiganja juu ya goti langu,
baridi kwanza, baridi kama jiwe la mto Kiwira,
kisha, mvua ikiendelea na kelele zake,
taratibu, kwa tundu dogo lililobaki,
joto linafika.